Mwacheni Apige

Wengi humlalamikia. Mzee wa kanisa hulalamika, mama wa kwaya hulalamika, na sisi wapiga gitaa ndio tunaolalamika zaidi, ingawa malalamiko yetu hayasikiki kwa sababu yeye bado anapiga. Leo nataka kumtetea. Mpiga dramu mwenye mkono mzito, pale Matulo, kwenye barabara ya Webuye kwenda Bungoma, ambaye akishika vijiti hata malori yaendayo Malaba hupita kimya, ni mfadhili wetu. Ni aibu kwamba hakuna aliyewahi kumshukuru.

Fikirieni kwanza anavyotusitiri. Gitaa lina njia nyingi za kumwaibisha mtu. Uzi wa kwanza hulegea kabla ya ubeti wa pili, kidole huteleza kwenye kodi ya F, mwimbishaji hubadilisha kii katikati ya pambio bila kumwarifu yeyote. Haya yote yangetangazwa hadi sokoni Webuye kama si ndugu yule pale nyuma. Anapopiga, makosa husamehewa kabla hayajatendwa. Nawajua wapiga gitaa ambao sifa zao zimefika Kitale, na siri ya sifa hizo ni kwamba huko Kitale hakuna aliyewahi kuwasikia, na huku Matulo pia.

Waoneeni huruma wapiga gitaa wa zamani. George Mukabi wa Kisa, kule Butere, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kwa mtindo wa omutibo, kidole gumba kikishika bezi na cha shahada kikiimba, na mwenzake alikuwa na chupa ya Fanta tu ya kugonga. Chupa! Kila noti ilisikika, kwa hiyo maskini Mukabi alilazimika kupiga vizuri kila alipokaa kitini. Mpiga nyatiti wa Kijaluo naye ana mateso yake. Amevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na njuga juu yake, yaani yeye mwenyewe ndiye dramu. Kelele zikizidi amlaumu nani? Sisi tuna wa kumlaumu, kila Jumapili, kuanzia wimbo wa kwanza.

Wala mwenzetu hakuzuka tu. Huku Magharibi kelele zina ukoo. Kijana wa Kibukusu, ukikaribia Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili, huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika kwenye tohara yake, akigonga kengele za chinyimba, na mjomba hujua kwamba anakuja muda mrefu kabla ya kumwona. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyotiwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ni ngoma ya uwanjani, ya watu wanaotembea na kucheza chini ya mbingu. Ndugu yule amerithi mkono uo huo. Ni kamati ya ujenzi iliyomtia ndani ya kuta za saruji na paa la mabati lisilo na dari, ambamo mlio ukipanda hugonga bati na kurudi kwa hasira. Mwenye lawama aipeleke kwa fundi wa paa.

Sheria nayo imemwonea. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataka mahali pa ibada pasizidi desibeli 40 mchana na 35 usiku. Arobaini! Watu wawili wakizungumza kwa adabu hufika 60, kwa hiyo hata matangazo ya karani ni kosa. Dramu ikipigwa kwa nguvu, bila spika yoyote, hupita 100, na wataalamu wa masikio wanashauri mtu asikae ndani ya desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku. Ibada yetu ni saa tatu. Pigeni hesabu muuone ukarimu wake: kwa asubuhi moja anatupa kelele za siku 12, na sadaka haiongezwi.

Ni kweli, tumejaribu kushindana naye. Tulichanga, amplifaya ya wati 50 ikauzwa, ikaja ya wati 100. Fizikia ikatucheka. Wati zikiongezwa maradufu, desibeli huongezeka 3 tu, na yeye hizo 3 huzipata kwa kukaza kiwiko. Wapo wanaoinua amplifaya juu ya kreti la soda na kuielekeza masikioni mwao, badala ya kuiacha chini ikiimbia visigino. Hiyo husaidia kweli, ndiyo maana sipendi ienezwe. Wapo waliotia blanketi ndani ya ngoma kubwa, na wapo waliobandika pochi juu ya sneya ili ipunguze ukali. Blanketi lilitoweka majira ya mvua. Pochi ilirudi nyepesi.

Na hizo amplifaya zenyewe tumezipata wapi? Jim Marshall, ambaye jina lake limeandikwa kwenye masanduku meusi ya wapiga gitaa dunia nzima, alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu jijini London kabla ya kuanza kuziunda mwaka 1962. Mpiga dramu aliwatazama wapiga gitaa, akawahurumia, akawauzia dawa. Sijasikia bado mpiga gitaa aliyewatengenezea wapiga dramu chochote, ukiondoa majungu.

Wahenga walituambia ngoma ivumayo haidumu, na hilo kwa muda mrefu lilikuwa tumaini letu. Lakini wahenga walikuwa wakisema habari za ngozi. Tangu miaka ya 1950 dramu huwambwa plastiki, na plastiki haisikii methali. Inavuma, na inadumu.

Sasa nasikia kamati inataka kumjengea kibanda cha plastiki angavu, wanavyofanya makanisa ya Marekani, ili eti gitaa lisikike. Nimewaandikia barua ya kupinga. Nimetaja gharama. Nimetaja joto la Februari. Nimetaja Zaburi ya 150, ambayo inayataja matoazi mara mbili mfululizo na gitaa hailitaji kabisa. Sababu ya nne sikuiandika: mwimbishaji amechagua wimbo wa Pasaka wenye kodi tisa, na mimi ninazo tatu.