Mhazini Hayupo

PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, ina sentensi moja inayoipenda kuliko zote. Mtu akija kutoka mbali, akajitambulisha, akatoa nenosiri, na kukawa na kasoro yoyote katika maelezo yake, hujibiwa kwamba uthibitishaji wa nenosiri umeshindikana. Basi. Umekosea herufi, jibu ni hilo. Nenosiri lako limepitwa na tarehe, jibu ni hilo. Hukuwahi kupangiwa nenosiri tangu uandikishwe, jibu ni hilo. Hata kama hukuandikishwa kabisa na seva haijawahi kulisikia jina lako, utaambiwa nenosiri limekataa, nawe utakaa hapo ukilaumu vidole vyako.

Nilishinda na sentensi hiyo Jumamosi nzima Tanga, kwenye harusi ya mpwa wangu.

Simu ilikuwa ya mhazini wa SACCOS yetu, mama mtu mzima ambaye hesabu zake hazijapotea hata shilingi. Kesho yake palikuwa na mkutano mkuu Dar es Salaam na wanachama walitaka kuiona orodha ya wadaiwa sugu. "Baba, najua uko kwenye shughuli," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu, "lakini nikisimama pale mbele bila orodha hiyo, watu watanirarua." Programu ya ripoti ilikuwa kwenye kompyuta yangu, na data zilikuwa kwenye seva inayokaa chini ya meza ofisini, nyuma ya printa. Ofisini alikuwepo mama mwenyewe na kijana wetu wa kompyuta. Nikaona ni kazi ya kumaliza kabla nyama haijakatwa.

Nikaiweka kompyuta juu ya gunia la mchele pale uani, katikati ya kinamama waliokuwa wakimenya vitunguu saumu. Shangazi akanitazama, akaitazama na kompyuta. "Wenzio wameshika visu," akasema, "wewe umekuja kuandika barua?"

Ofisi ina VPN, kwa hiyo sikuwa nikiianika seva barabarani. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaouliza, na wana haki. Anayeifungua poti 5432 kwa dunia nzima hugongewa na watu asiowajua siku hiyo hiyo.

Mara ya kwanza seva haikunipa hata nafasi ya kusema jina. PostgreSQL ikishasimikwa, kwa kawaida husikiliza localhost tu, yaani mashine inazungumza na nafsi yake. Kijana akafungua postgresql.conf, akarekebisha listen_addresses, akanipigia kwa furaha: "Tayari kaka." Haikuwa tayari. Badiliko hilo halisomwi mpaka seva izimwe na kuwashwa tena, na kijana alikuwa ameiambia isome upya mipangilio, akaridhika. Akaiwasha upya. Nikaingia hatua ya pili, ambayo ni faili la pg_hba.conf.

Faili hili limewazeesha watu wengi, na sijapata mfano wa kulieleza ulio bora kuliko ukumbi wa harusi tuliokuwa tunauandaa. Mlangoni husimama kijana mwenye orodha. Huisoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaokuhusu ndio anaoufuata. Chini ya hapo hatazami tena, hata kama mstari wa kumi umekutaja kwa jina na cheo. Ipo mistari ya trust, ambayo ni ya mashangazi wa bibi harusi: wanapita bila kuulizwa kadi. Ipo ya peer, ambayo ni ya waliolala humo humo ndani tangu jana. Mfumo wa kompyuta unawatambua kwa sura, na ndiyo maana mtu aliyekaa mbele ya seva huingia bila taabu, kisha akakushangaa wewe uliye mbali kwa nini unahangaika. Ipo ya reject, ya mjomba yule aliyefanya fujo mwaka jana. Na ipo ya scram-sha-256, ya sisi wengine, tunaotakiwa kuitoa kadi mfukoni.

Kijana alikuwa ameniandikia mstari safi kabisa: hifadhidata ya SACCOS, watumiaji wote, anwani za VPN 10.8.0.0/24, njia scram-sha-256. Ila aliuweka mwisho wa faili, na juu yake fundi aliyetusimikia seva miaka ile alikuwa ameacha mstari wa reject kwa anwani zile zile. Seva ilikuwa ikifika kwenye ule wa fundi inanifukuza, wa kwangu haiufikii kabisa.

"Kaka," kijana akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyesikia njaa, "niweke trust tu tupumzike?"

"Usithubutu."

Akaupandisha mstari wetu juu ya ule wa fundi. Faili hili halihitaji seva kuzimwa. Kuiambia isome upya kunatosha. Nikajaribu tena, na ndipo nilipoambiwa uthibitishaji wa nenosiri umeshindikana. Nilishangilia kwa sauti mpaka kinamama wakageuka. Asiyeijua kazi hii ataona ni wazimu kushangilia kukataliwa, lakini mpaka hapo mtandao unapita, seva inasikiliza, na orodha ya mlangoni imekukubali uulizwe kadi. Kilichobaki ni neno moja tu.

Neno lenyewe lilikuja kwa WhatsApp. Kijana, kwa tahadhari nzuri, alinitengenezea mtumiaji mpya mwenye ruhusa ya kusoma tu, akampa jina la cheo cha mama: Mhazini. Chini yake akaandika nenosiri, Korosho2Debe, kwa maandishi mazito meusi. Nikadhani ni msisitizo. Nikaliandika herufi kwa herufi, likakataa. Nikaliandika tena polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, likakataa.

"Nyota umeziweka?" kijana akauliza.

"Nyota zipi?"

Alikuwa ameweka alama ya nyota mwanzoni na nyingine mwishoni, kwa usalama. WhatsApp ikiona neno lililo katikati ya nyota mbili huzificha nyota na kulikoleza neno. Mitume wa usalama wa mitandao wanatuambia tuweke alama za ajabu kwenye nenosiri, hawatuambii alama hizo zitafikaje zinakokwenda. Na hiyo ni nyota tu. Mwenye alama ya @ ndani ya nenosiri lake, akaliweka kwenye anwani ndefu ya kuunganishia, lazima aiandike %40, la sivyo programu inaweza kulikata neno mahali pasipostahili.

Mama mhazini akaona vijana tunamchelewesha, akachukua simu. "Sikiliza baba, nakusomea. Nyota. K kubwa ya Kondoa. O ya Omari, siyo sifuri. R ya Rufiji…" Mtandao wa simu ulikuwa unakatika, kwa hiyo kila herufi niliirudia kwa sauti ili athibitishe. Tulipofika mwisho, ua mzima ulikuwa na nenosiri la SACCOS. Watoto wawili walikuwa wakilicheza rede: "Korosho! Mbili! Debe! Nyota!" Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na masufuria akauliza debe mbili za korosho siku hizi ni bei gani.

Likakataa na nyota zake.

Sasa nadharia zikaanza. Kijana alisema tatizo ni SCRAM. Si jambo la kipuuzi: njia hiyo iliingia kwenye toleo la 10 mwaka 2017, ikafanywa ya kawaida kwenye toleo la 14 mwaka 2021, na programu zenye maktaba kongwe haziielewi. Lakini programu kongwe hulalamika kwa maneno mengine; husema njia ya uthibitishaji namba 10 haiijui. Yangu haikulalamika. Nikakagua kama kuna nenosiri la zamani lililojificha, maana PostgreSQL ina mtindo wa kulichukua kimyakimya kwenye faili la .pgpass au kwenye PGPASSWORD bila kumuuliza mtu. Hapakuwa na kitu. Kijana akabadilisha nenosiri, akaweka la herufi tupu. Likakataa. Akabadilisha tena. Shangazi naye akaja akaweka kisu juu ya kibodi, akaondoka bila kusema neno.

"Huyo mtumiaji yupo kweli?" nikauliza.

"Yupo kaka, namwona kwenye orodha kwa macho yangu."

"Basi fungua logi."

Hapa ndipo nina ugomvi na namna tunavyofundishana kazi hii. Seva humwambia aliye nje sentensi moja, na kwa sababu njema: mtu anayebahatisha majina asije akajua lipi lipo na lipi halipo. Kwenye SCRAM hufika mbali zaidi. Mtumiaji asiyekuwepo hupewa maswali yote ya kawaida kana kwamba yupo, hesabu zinapigwa mwanzo mpaka mwisho, kisha anakataliwa kwa maneno yale yale. Lakini ndani, kwenye logi, seva huandika ukweli wote: nenosiri halilingani, au limepitwa na muda, au halikupangwa, na hata ni mstari wa ngapi wa pg_hba.conf uliotumika. Kwenye seva yetu ya Ubuntu logi hiyo iko /var/log/postgresql. Kijana alikuwa amekaa nusu mita kutoka hapo tangu asubuhi.

Akaanza kuisoma kwa sauti, akiitafsiri kwa Kiswahili ili mama naye afuatilie. "Uthibitishaji wa nenosiri umeshindikana kwa mtumiaji Mhazini. Maelezo…" Akanyamaza kidogo. "Mhazini hayupo."

Nikamsikia mama kwa mbali. "Hayupo? Nani kasema sipo? Nimekaa hapa tangu saa mbili asubuhi sijanywa hata chai!"

Ilichukua muda kumtuliza. Kijana alipoandika amri ya kumuumba mtumiaji, aliandika Mhazini kwa M kubwa, kwa heshima ya cheo. PostgreSQL haina habari na heshima: jina lisilofungwa kwa alama za kunukuu hulishusha lote kuwa herufi ndogo, kwa hiyo aliyeumbwa ni mhazini. Programu yangu nayo haishushi kitu, inalipeleka jina kama lilivyoandikwa. Aliyekuwa akibisha hodi asubuhi yote ni Mhazini, mtu ambaye hajazaliwa, na tulikuwa tumembadilishia nenosiri mwenzake kwa bidii kubwa. Kijana alisema kweli kwamba yupo. Logi ilisema kweli kwamba hayupo.

Watu wa MySQL wasinicheke. Kwao mtumiaji hutambuliwa kwa jina pamoja na mahali anapotokea: mhazini wa localhost na mhazini wa kwingineko ni watu wawili tofauti, kila mmoja na nenosiri lake. Ukitoka meza ya ofisini ukaenda nyumbani umekuwa mtu mwingine, na unapewa kosa namba 1045 pamoja na taarifa kwamba nenosiri limetumika: NDIYO. Mfumo wenyewe umepewa jina la My, binti wa mwasisi wake Michael Widenius, na mdogo wake My, Maria, ndiye wa MariaDB. Malezi ya watoto hawa wawili siyazungumzii.

Nikaandika m ndogo. Orodha ya wadaiwa ikafunguka, ndefu kuliko nilivyotarajia, na jina la tatu lilikuwa la mtu niliyekuwa naye pale uani akikata nyama kwa bidii. Nikaituma kwa mama bila maoni. Nenosiri tukalibadilisha kwa \password, ambayo hulifumba kabla ya kulipeleka, lisibaki limeandikwa wazi kwenye logi ile ile tuliyotoka kuisoma. Safari hii halikutajwa kwa sauti.

Kwa hiyo wewe uliyekaa karibu na seva, mwenzio akikupigia kutoka mbali kwamba nenosiri limekataa, usianze kumtungia jipya. Fungua logi, msomee mistari mitatu ya mwisho kama ilivyo, na herufi kubwa umtajie kuwa ni kubwa.