Binti Mfalme Ndani ya Biriani

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Massachusetts na masanduku mawili, moja la nguo, moja la nasaba. La nguo liliingia kabatini siku hiyohiyo. La nasaba lilikula meza ya chakula, likapanda viti, na kufikia katikati ya Ramadhani tukawa tunafuturu jikoni tumesimama, kwa sababu ya marehemu wa karne ya 17.

Marehemu huyo ni Mary Dyer, wa dhehebu la Quaker, aliyenyongwa Boston tarehe 1 Juni 1660 kwa kurudi katika koloni lililompiga marufuku. Sanamu yake imeketi mbele ya bunge la jimbo. Mwingine angetosheka na bibi kama huyo. Mama mkwe alitaka na taji. Kwa hadithi yake, Mary alikuwa mtoto wa siri wa Arbella Stuart, binamu wa Mfalme James, aliyeolewa kwa kificho mwaka 1610 na kufia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1615.

Sikubisha. Mimi mtoto wa Mombasa. Nimelelewa na wazee walioapa kwamba babu zao walishuka jahazini kutoka Shirazi, na hakuna aliyewadai hati.

Siku ya Idi shajara la nasaba lilikuwa limebandikwa ukutani juu ya meza, refu kama kanga mbili, taji la wino wa dhahabu kileleni. Nikateremsha sufuria ya biriani chini yake. Wifi yangu, mkutubi, akachagua saa hiyo kusema ukweli.

“Mama, daftari la ndoa la St Martin-in-the-Fields, London, 1633, linamwita bibi harusi Mary Barrett.”

“Jina la kumfichia.”

“Na mwanzoni mwa 1634, mirathi ya William Barrett inakabidhiwa dada yake Mary na mumewe, William Dyer. Arbella naye huyo William alimzaa lini?”

Kimya. Mume wangu akajishughulisha na kachumbari.

“Huyo mume,” wifi akaendelea, hana huruma huyu, “alikuwa wa chama cha wauza samaki, ingawa dukani aliuza mapambo ya mavazi.”

“Samaki?” Mama mkwe hakusikia mapambo. Akainuka akafunua sufuria, nadhani apate la kufanya, mvuke ukapanda, gundi ikalegea, na vizazi vyote vikashuka, Arbella akitangulia kichwa ndani ya wali.

Tulimtoa kwa upawa. Zafarani ilimshika vizuri. Biriani tulilila, tukitema vipande vya karatasi, na mama mkwe akaongeza sahani huku akimhoji wifi: wazazi wa hao Barrett ni nani?

Hawajulikani mpaka leo, akajibiwa.

Uso ukamchangamka. Jumatatu aliagiza karatasi mpya, ndefu kuliko ile, akaniuliza kama ukuta wa chumba chetu cha kulala una kazi yoyote.