Kwa Mkuu wa Rasilimali Watu, Mmiliki Mpya wa Mkono Wangu

Mheshimiwa,

Waraka wenu nimeupata, nikausoma mpaka kwenye muhuri. Unasema kila mchoro wa mfanyakazi wa kitengo cha ubunifu, popote na wakati wowote utakapochorwa, ni mali ya kampuni. Mimi ni mtu wa kutii, kwa hiyo nawaarifu kwamba mali zenu zimetapakaa Mombasa nzima.

Ijumaa usiku nilimpaka hina binti wa shangazi yangu kule Kisauni, maua tangu vidoleni hadi kwenye viwiko. Mali hiyo sasa iko fungate Lamu na haitapita wiki mbili kabla ya kufifia, basi fanyeni haraka. Bwana harusi mtajua wenyewe mtakavyomweleza. Jumapili nikamsaidia mwanangu kazi ya shule, tukachora panzi. Mwalimu kampa alama nne kwa kumi, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba huo ni mkono wa mtu mzima. Niliona haya kumwambia kuwa ni mkono wa kampuni.

Sheria naijua kidogo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema hakimiliki huanzia kwa mtunzi, kisha huhesabiwa imehamia kwa mwajiri iwapo kazi ilifanywa katika kutekeleza ajira, isipokuwa pande mbili zimeafikiana kuuondoa au kuupunguza uhamisho huo. Kasa mwenye miwani niliyemchorea mteja wenu wa hoteli, saa za kazi, kwa kompyuta yenu, ni wenu. Mshahara nimekula, sina neno. Lakini kifungu kinataja kuondoa na kupunguza. Hilo la kuuvuta uhamisho mpaka sebuleni kwa shangazi sikulikuta, na waraka wa upande mmoja haujawahi kuwa mapatano.

Kuna jingine mlilolisahau. Kifungu cha 32 kinaniachia haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, hata haki za kiuchumi zikishaondoka, na haki hiyo haihamishiki nikiwa hai. Usiku ule kasa alipopewa tuzo, bosi alipanda jukwaani akashukuru timu. Mimi nilikuwa meza ya mwisho, ule upande wa jikoni, nikipisha masinia ya pilau na kumpigia makofi mtoto wangu mwenyewe.

Halafu lipo suala la afya. Hakimiliki ya mchoro hudumu maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka anaokufa. Maisha ya mtunzi, si ya kampuni. Kila mwaka ninaoendelea kupumua unawaongezea ninyi mwaka wa kummiliki kasa. Sijui basi bima ya meno mliifuta kwa hesabu gani. Mwekezaji makini angeniletea papai kila asubuhi na kunipiga marufuku kupanda bodaboda.

Ikiwa bado mnashikilia kwamba panzi wa Jumapili alichorwa kazini, nimekubali, na ankara yake nimeiambatisha. Siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Ya usiku wa hina inafuata. Tulikesha hadi alfajiri.

Wenu mtiifu,
Mchoraji wa Kasa