Kipenzi cha Wote, Masharti Kuzingatiwa

Waayalandi wana vipenzi vya taifa, ila cheo hicho hakitolewi ovyo. Michael D. Higgins, mshairi mfupi wa kimo na mwenye mbwa wakubwa, alikipata akiwa bado madarakani. Mwaka 2011 alisema muhula mmoja wa urais unamtosha. 2018 akagombea tena, wakampa karibu asilimia 56 ya kura. Tukumbushane tu kwamba rais wa kule hapandishi kodi wala hapangi bajeti. Achukiwe kwa lipi?

Mwimbaji Sinéad O'Connor alizungushwa zaidi. Mwaka 1992 alichana picha ya Papa kwenye televisheni ya Marekani, akilalamikia watoto wanaodhulumiwa ndani ya Kanisa. Akazomewa, akadhihakiwa, wengine wakamwita mwendawazimu. Mwaka 2009 tume iliyoundwa na serikali ya Ayalandi ikatoa ripoti nene kuhusu dhuluma hizohizo. Agosti 2023 maelfu wakajipanga barabarani mjini Bray kuisindikiza maiti yake, na Rais Higgins akahudhuria mazishi. Mapenzi mazito kweli, tena yenye adabu: yalisubiri kwanza mwenyewe anyamaze.

Mwimbaji mwenzake Bono, aliyewaingizia watu albamu kwenye simu zao mwaka 2014 bila kuombwa, bado yu hai. Avumilie tu.