Saba Hadi Moja: Simu Yako Ifike Bungoma

Kutoka Tuwan hadi Bungoma mjini ni safari ya kama saa mbili, ukipitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Kwa saa hizo mbili simu inaweza kuibwa, kulowa, kukaliwa na abiria aliyebeba kuku wawili, au kuombwa na jirani anayetaka "kupigia mtu mara moja tu." Tumezipanga hatari kuanzia ile inayoogopwa kupita kiasi hadi ile inayosahauliwa na karibu kila mtu. Tunahesabu kurudi nyuma, ila sisi si kama manamba wa steji ya Kitale: tukisema wamebaki wawili, wamebaki wawili kweli.

7. Mwizi wa steji

Huyu tunampa nafasi ya mwisho na najua atakasirika. Anasingiziwa mambo mengi sana. Simu ikidondoka ndani ya choo, nyumbani inaripotiwa kuwa "nimeibiwa stendi." Hata hivyo usimrahisishie kazi. Pale steji manamba watatu wanapovuta mkoba wako kila mmoja upande wake, macho yako yako kwenye mkoba, na simu iko mfuko wa nyuma. Mfuko wa nyuma wa suruali si wako, ni wa anayekufuata.

6. Dirisha

Gari likisimama, funga kioo kwanza ndipo uongee na simu. Hiyo habari ya "niko karibu kufika" inaweza kungoja. Isitoshe ni uongo, hujavuka hata Kiminini.

5. Mvua

Kitale mvua huanza kama mwezi Machi na haina haraka ya kwenda. Boda kutoka Tuwan hadi steji inatosha kukulowesha hadi soksi. Zamani tulifunga simu kwa juala la plastiki, lakini majuala hayo yalipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Kwa hiyo tafuta mkebe wa plastiki wenye kifuniko, ule wa siagi uliojaa vifungo na sindano nyumbani. Mama hatafurahi, ila mtajuana.

Simu ikishalowa, izime, toa laini, igeuze tundu la chaji liangalie chini, iache penye hewa. Usiichaji. Na usiizike kwenye mchele! Kampuni ya Apple yenyewe ilionya mwaka 2024 kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu zaidi. Kuna jamaa wa Trans Nzoia waliokosa mchele wakatumbukiza simu kwenye gunia la mahindi. Tunaelewa, hili ndilo ghala la taifa, lakini gorogoro mbili za mahindi hazikaushi kitu. Saga, tupike ugali.

4. Jua la Lodwar

Hii ni ya wale wanaogeukia kaskazini. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara inapita Kapenguria, inateremka Marich, inaingia Kainuk, na ukifika Lodwar umeshuka hadi kama mita 500. Apple wanasema iPhone itumiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Lodwar mchana hupita hapo bila kutokwa jasho. Sasa wewe umeiweka simu kwenye dashibodi, juani, ikichaji, na bado inacheza video. Betri ya lithiamu ikichemshwa hivyo mara kwa mara hupungua nguvu, na nguvu hiyo hairudi hata ukiirudisha simu kwenye baridi ya Kitale. Ifunike na sweta uliyovaa asubuhi. Huko sweta haina kazi nyingine.

3. Pawabanki ndani ya ndege

Kwa anayepanda ndege Eldoret, au anayekwenda kazini Ghuba: pawabanki haiingii kwenye sanduku la mizigo. Hukaa nawe, kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu ikishika moto ni afadhali iwakie mahali inapoonekana. Mwaka 2016 simu za Samsung Galaxy Note 7 zilipigwa marufuku kwenye ndege nyingi duniani kwa sababu ya betri zao, kwa hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita. Ukikosa nafasi kwenye mkoba, hamishia omena kwenye sanduku. Omena hawalipuki, wananuka tu.

2. Agosti ya mwaka shufwa

Hapa ndipo simu za Bungoma huangamia kwa jumla. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wabukusu hutahiri vijana wao mwezi Agosti, na ndugu hurudi kutoka Nairobi, Mombasa na Kitale kwenyewe. Mtahiriwa anapiga kengele zake, umati unamzunguka ukicheza usiku kucha, na kila mkono ulio hewani umeshika simu. Alfajiri anapelekwa mtoni kupakwa matope, anarudi akisindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye, na nyinyi mnakimbia kinyumenyume mkirekodi. Kinyumenyume! Kwenye shamba lililolimwa, giza halijaisha, busaa ya jana bado iko kichwani.

Simu nyingi hapo haziibwi, zinakanyagwa. Nyingine huzama kwenye chungu cha busaa, wazee wakaendelea kunyonya mirija bila kuuliza ladha imebadilikaje. Chagueni mpiga picha mmoja, mpwa asiyekunywa, wengine mtatumiwa. Simu kubwa mwachie kukhu, yaani nyanya yako, chumbani, utembee na kabambe, ile simu ndogo yenye tochi. Kukhu hajui nambari yako ya siri na hana hamu ya kuijua. Ukitaka kujirekodi ukicheza, kumbuka kwamba ulivyocheza kweli na ulivyodhani unacheza ni mambo mawili.

1. Laini

Nambari moja si simu. Simu inanunuliwa nyingine. Laini ndiyo yenye M-Pesa tangu 2007, Fuliza tangu 2019, na kila ujumbe wa benki. Mwizi mwenye akili hahangaiki na kioo chako kilichopasuka, anachomoa laini anaitia kwenye simu yake. Kama hukuifunga kwa nambari ya siri ya laini, amekuwa wewe. Ukiifunga, akikosea mara tatu itamdai PUK.

Halafu piga *#06#, uandike zile tarakimu 15 za kuitambulisha simu yako kwenye daftari linalobaki nyumbani, maana polisi watakuuliza. Wapo walioziandika vizuri sana, ndani ya simu hiyo hiyo.

Na tafadhali, toa kitambulisho ndani ya kava. Kitambulisho kina mwaka wako wa kuzaliwa, na mwaka wako wa kuzaliwa ndio nambari yako ya siri ya M-Pesa, usikatae. Umemfungia mwizi kila kitu pamoja, na shilingi mia mbili za nauli juu. Ukishaazima simu ya dereva upige kelele nyumbani, utagundua nambari pekee unayoijua kwa kichwa ni yako mwenyewe, na anayeipokea sasa ni mtu mwingine.