Koti la Shangazi

Miongoni mwa hidaya ambazo mtu hawezi kuzikataa ila kwa kukata udugu, naihesabu ile aliyonitunukia shangazi yangu aliporejea Kampala kutoka London: koti la manyoya ya mbweha, lenye kushuka hadi magotini, zito mfano wa mtoto aliyelala. Alinikabidhi pamoja na wasia mrefu, kwamba lisitiwe maji, lisipigwe pasi, lisianikwe juani, lisifungwe ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwani ngozi hupenda hewa, na kila yafikapo majira ya joto lipelekwe likapumzike katika chumba cha baridi isiyozidi nyuzijoto 10 hivi. Nikamwuliza kwa taadhima majira ya joto ya Kampala ni yapi, ilhali sisi jirani wa Ikweta twajua mawili tu, ya mvua na ya kuingojea. Hakunijibu.

Ikasadifu kuwa mvua za Machi zilikuwa mlangoni. Unyevu wa ziwa ukaingia kabatini bila ya hodi, kola ikaota koga, na nondo, ambao viwavi wao hawana chakula wakipendacho kuliko sufu na manyoya, wakaanza karamu kwapani. Nikanunua kafuri sokoni Owino, nayo ikawafukuza nondo, na wageni wangu pia.

Huko Ulaya wenye makoti ya namna hii huyaweka amana kwa wauzaji wenye vyumba vya baridi. Lakini kwetu vyumba hivyo ni vya sangara na nyama. Mchinjaji mmoja wa Mengo akanikubalia kwa ihsani, akalitundika kulabuni baina ya mbuzi wawili. Kesho yake akaja bibi mmoja mwenye haiba, akalitazama kitambo, akalibonyeza bega kwa kidole, kisha akauliza, “Ssebo, huyu mbona hamkumchuna? Na kilo yake bei gani?” Mchinjaji, kwa kuwa ni muungwana asiyependa kumrudisha mteja mikono mitupu, akajibu kuwa huyo ameshalipiwa. Jioni akanirejeshea amana yangu, akisema kwamba wateja sasa wanawatilia shaka hata mbuzi wake.

Akafuata mwalimu wa ngoma za Kiganda, ambazo wachezaji wake hujifunga viunoni ngozi zenye manyoya ili mtikisiko uonekane hadi kwa walioketi nyuma, akaniomba ruhusa alikate vipande. Rai njema, nami ningeiridhia, lau shangazi asingekuwa na desturi ya kuja Krismasi na kuuliza, kabla ya salamu, “Liko wapi?”

Basi kila jioni nalikung’uta, nalitundika kivulini penye upepo, nachana manyoya yake kwa upole. Na vazi lililoshonwa kumlinda mtu na baridi sasa lina mtu wa kulilinda na joto, asiyelipwa mshahara. Nawe msomaji mwenye jamaa ughaibuni, akikuuliza akuletee nini, usijitie haya ukamwambia “chochote”. Mjibu upesi, kabla hajafikiri mwenyewe: sufuria.