Mteja Wetu, Jina Siri

Tangazo lilitaka mafundi wa jenereta na antena, hapa Goma, kwa ajili ya "mteja wetu". Mawakala wa ajira hawataji jina la mteja hata uwabembeleze. Motari aliyenibeba kutoka Majengo hadi Himbi alilijua kabla sijakaa vizuri kwenye pikipiki. "Unaenda kwa wale wa antena? Jana nimebeba wenzako." Akanitajia na mshahara.

Mambo ya minara ndivyo yalivyo. Mnara ni wa kampuni moja, mtandao wa simu ni wa nyingine, jenereta inatunzwa na ya tatu, na fundi ni wa wakala. Kila mmoja anakata chake, na anayebaki na kidogo ndiye anayepanda juu.

Barua ya kutuita kwenye usaili ilisema saa tatu asubuhi. Haikusema saa tatu ya wapi. Mama wa kutuhoji alikuwa Kinshasa, ndani ya skrini, na Goma tunaitangulia Kinshasa kwa saa nzima. Basi tukakaa kwenye benchi mpaka saa nne, tukipanguza vumbi jeusi la volkano kwenye viatu vya kuazima.

Mlango ulikuwa wazi, kila jibu tulilisikia. Wa kwanza alikuwa papa mmoja, fundi wa siku nyingi, vidole vyeusi kwa mafuta yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Akaombwa cheti halisi cha shule ya msingi. Akaeleza kwamba cheti kiliungua na nyumba, na shule yenyewe ikafunikwa na lava ya Nyiragongo, Januari 2002, ile iliyoingia mpaka katikati ya mji na kumeza kipande cha uwanja wa ndege. Mama akaandika, akafikiri, kisha kwa Kifaransa cha kupigwa pasi akasema: "Pole sana, papa. Basi utuletee fotokopi, yenye muhuri wa mkuu wa shule."

Zamu yangu ikafika.

"Jenereta ikikataa kuwaka, kitu cha kwanza utafanya nini?"

"Nitafungua tanki, mama, nione kama mazuti yapo."

Kimya. Nikadhani intaneti imekwama. Kumbe anatafuta kwenye karatasi yake. Hakuna fundi wa Goma asiyejua kwamba jenereta ya mnara huugua zaidi usiku, mlinzi akiwa na wageni wenye madumu.

"Hapa imeandikwa: kuvaa glavu."

"Nitavaa glavu, mama, halafu nifungue tanki."

"Jibu la pili halihesabiwi."

Hapo umeme ukakatika. Kijana wa ofisi akakimbilia jenereta ndogo uani, akavuta kamba mpaka shati likamganda mgongoni. Benchi zima la mafundi wa jenereta likamtazama. Hakuna aliyetuomba, na kila mmoja alikuwa na shati moja jeupe. Mwishowe yule papa akamsogelea, akauliza kwa upole: "Petit, esansi iko?"

Haikuwepo, na pesa ya kununua ilikuwa ikisubiri saini ya Kinshasa. Tukachanga, kila mmoja franka elfu moja, kijana akatumwa kwa Kadhafi, muuza esansi wa kona, akarudi na chupa. Skrini ikawaka.

"Tulifika wapi?" akauliza mama. "Ah, ndiyo. Glavu."